Samaki Asiye na Miba

Mjomba Shabani alikuwa hajatolewa hata ndani, maiti bado iko chumbani imefunikwa shuka, na wanaume chini ya turubai walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu kikokotoo cha pensheni. Mtu wa Dar mpe kiti cha plastiki na kikombe cha chai ya tangawizi, hata msibani atakutungia sheria. Mstaafu mmoja wa reli alikuwa anasema kwamba mkupuo wa siku hizi si mkupuo, ni kionjo, na kwamba mtu akishaitumikia nchi hii mpaka magoti yamekwisha, apewe chake chote, namna ya kukila atajua mwenyewe. Kijana mmoja mwenye miwani akamjibu kwa adabu: mzee wangu, wakipewa chote wanamaliza mwaka wa kwanza, wanaongeza mke, wananunua gari bovu, halafu wanarudi kuombaomba kwa watoto, heri kidogo kidogo kila mwezi. "Kila mwezi wa nani?" mzee akauliza. "Mie nina sukari na presha. Huo mwezi unaousema nitaufikia?" Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa kiganja. Mie nilikuwa napita na sinia la vikombe. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nimebakiza miaka kumi hivi nikabidhi chaki, na siku nyingine mjadala kama ule ungenikuta nimeshatua sinia na mikono iko kiunoni. Siku ile niligawa chai tu. Nilikuwa najua kitu kimoja kuhusu pensheni ya marehemu, na nilidhani ninakijua peke yangu.

Ndipo mtu mmoja akaingia getini, kanzu nyeupe imepigwa pasi, ndevu zimeingia mvi, mkononi ameshika mfuko wenye sabuni, pamba na karafuumaiti. Akatoa salamu, akaketi kidogo na wazee, nikamsikia akisema kwamba yeye ni muosha maiti wa msikiti mmoja kule Mbagala, amesikia habari za msiba, na kama familia haitajali angependa kumuosha mzee. Muoshaji wetu wa huku Kinyerezi alikuwa amesafiri na wazee walikuwa wanahangaika kumtafuta mwingine, kwa hiyo wakamshukuru Mungu wakampisha. Alipopita mbele yangu nikauona mkono wake wa kulia, vidole viwili vya mwisho vimenyooka havikunjiki. Nikamtazama usoni. Alikuwa Idrisa wa Bi Tatu. Sinia likanitoka, vikombe vyote chini. Wanawake wakanidaka, wakanikalisha mkekani, wakanipepea kwa kanga, lia mama lia, wakidhani ni uchungu wa mjomba. Wala haukuwa uchungu. Nilikuwa nimeshtuka. Mtu yule alikaa ndani miezi kumi na mmoja akiitwa gaidi kwa sababu ya neno la Mjomba Shabani, na sasa anakwenda kumwagia Mjomba Shabani maji ya mwisho.

Mambo ya nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani nayaacha, hayamsaidii mtu. Nianze na nyumba. Ilikuwa Temeke, vyumba vitatu na sebule, bati limeshika kutu, uani kuna jiko la mkaa na kamba ya kuanikia. Mjomba Shabani alikuwa askari polisi, mjane, na mie nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimekuja kumpikia na huku nasoma kozi ya uchapaji kwa gharama yake, ualimu ulikuja baadaye. Kati ya uani kwetu na uani kwa jirani kulikuwa na ukuta wa tofali, na katika ukuta ule, usawa wa kifua, fundi aliacha tundu la tofali moja. Sijui alilisahau au aliagizwa, ila tundu lile ndilo lililokuwa ujirani wenyewe. Upande wa pili alikaa Bi Tatu, mkaanga samaki, na wanawe wawili, binti mdogo na Idrisa. Kila siku magharibi ikikaribia utasikia, "Mwaju, pokea," na sahani ya bati yenye maua mekundu inapita tunduni, samaki ameungwa kwa nazi au kakaangwa tu na ndimu pembeni. Na sahani ya jirani hairudi tupu, hilo kila aliyelelewa na mtu analijua. Mie nilikuwa nairudisha na tende mbili, na sukari kidogo kwenye karatasi, au kipande cha mhogo. Siku nikikosa kabisa naweka hata malimao. Samaki wa Bi Tatu alikuwa na jambo moja ambalo sikulitilia maanani: hakuwa na miba. Yeye alimchambua, akamtoa mwiba mmoja mmoja, kisha akamrudishia umbo lake ukadhani mzima. Nilidhani ni heshima yake kwa mtu mzima, basi.

Jambo nililolijua mie tu ndani ya nyumba ile ni kwamba Mjomba haoni. Simaanishi kipofu wa fimbo. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, utando umetanda mweupe ukimtazama kwa karibu. Chai alikuwaga anamimina kidole kimeingia ndani ya kikombe, ikigusa kidole anaacha. Watu aliwajua kwa sauti, na kabla mtu hajasema alikuwa anakohoa kidogo ili yule mwingine aanze kusalimia. Gazeti alilishika sebuleni mbele ya wageni, akanyamaza, akatikisa kichwa kama msomaji, na wageni wakiondoka ananiambia, "Haya, Mwaju, nisomee sasa." Kutibiwa alikuwa anaweza kutibiwa. Lakini kupasuliwa kunataka ruhusa, ruhusa inataka barua ya daktari, na barua ikifika kwa wakubwa watasema askari huyu haoni, mpumzisheni. Alikuwa amebakiza chini ya mwaka astaafu kwa heshima zake, na mtu akipumzishwa kwa ugonjwa, alisema, mafao yanamegwa. Sikujua kama ni kweli na hadi leo sina hakika. Ila alivyoogopa niliona. Siku ya kupimwa afya nilimsindikiza, nikachungulia mlangoni zile herufi za ukutani, nikatoka nikamkaririsha kwenye benchi mstari kwa mstari, akaingia akazitaja zote bila kosa. Tulivyorudi nyumbani tulicheka mpaka machozi. Alininunulia viatu.

Mwaka wenyewe siutaji. Waliokuwapo wanaujua kwa redio: ukifungua ni ugaidi, ukifunga jirani kafungua ya kwake, ni ugaidi. Jioni barazani kwetu walikuwa wanakaa watu watatu, na mie ndani nakuna nazi nawasikia. Mmoja Mjomba mwenyewe. Wa pili mjumbe wetu wa nyumba kumi, bwana mmoja mwenye sauti ya juu, ambaye mwaka ule alijiona waziri. Wa tatu Afande Chilumba, mpelelezi, Mmakonde wa kusini, Mkristo, mtu wa maneno machache, ambaye alikuwa na cheo kumzidi Mjomba lakini alimwamkia kwa sababu ya umri. Mjumbe alikuwa anasema bora kumi wasio na kosa walale ndani kuliko mmoja mwenye bomu alale nje. Chilumba akamuuliza, "Na kama mmoja katika hao kumi ni wewe?" Mjumbe akasema yeye hawezi kuwa, yeye ni mjumbe. Chilumba akasema kila mtu alikuwa kitu fulani kabla hajakamatwa. Akasema pia, na maneno haya niliyasikia vizuri maana niliacha kukuna, "Ukimkamata asiyekuwa, mwenyewe umemwacha nje, na umemwambia kwamba polisi ni wajinga." Nilimngoja Mjomba aseme lake. Alikuwa anafuta miwani ya jua ambayo aliivaa hata kivulini.

Mtaa wa nyuma yetu kulikuwa na nyumba ya kupanga ambayo wakubwa walisema inaingiwa na watu wasioeleweka. Mjomba akapangiwa kukaa kwenye kibanda cha vocha ng'ambo ya barabara, avae kiraia, aangalie wanaoingia na kutoka, kwa kuwa yeye ni mwenyeji na anawajua vijana wa pale. Fikiria. Katika askari wote, akachaguliwa asiyeona, kwa sababu anajua watu. Angeweza kukataa, lakini kukataa kungetaka sababu. Akaenda, wiki mbili, na kila akirudi nikimuuliza vipi ananiambia, "Kimya tu." Ijumaa ya wiki ya pili, baada ya sala, vijana kadhaa waliingia na kutoka nyumba ile. Ijumaa hiyo, mchana huo, Temeke nzima ilikuwa imevaa kanzu nyeupe. Alasiri gari mbili zikasimama mlangoni kwa Bi Tatu.

Idrisa alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa anafundisha watoto madrasa asubuhi na mchana anatengeneza redio na feni, na mwendo wake ulikuwa wa kuharakisha, bega la kushoto limeshuka kidogo. Walimtoa akiwa ameshika bisibisi. Nililia pale tunduni kama aliyefiwa, nikamwona binti mdogo amejificha chini ya meza ya samaki na mafuta yanaungua jikoni hakuna wa kuyaepua. Jua halijazama, Bi Tatu akaja kwetu hana hata kanga ya pili. Akaketi chini sebuleni, akamwambia Mjomba, "Kaka Shabani, mie sina mtu huko. Wewe ndiye mwenyewe. Kaniulizie tu yuko wapi mwanangu, kala nini." Mjomba akamjibu, "Nitaulizia, dada." Alisema hivyo uso ameuinamisha. Nilidhani ni huruma.

Jumapili, tumeshakula ubwabwa na maharage, akafunga mlango wa sebule, akaniita na karatasi. Kulikuwa na desturi kwamba maelezo yake namwandikia mie, maana mistari yake ilikuwa inapandana, halafu yeye anatia sahihi pale ninapomwekea kidole. Nikashika kalamu. Akaanza kutamka kwa Kiswahili kile cha kituoni: tarehe fulani, saa fulani, nikiwa kazini mahali fulani, nilimwona kwa macho yangu mwenyewe Idrisa, kijana ninayemfahamu tangu utoto wake, akiingia katika nyumba hiyo akiwa na mfuko mzito. Kalamu ikasimama. Nikamwambia, "Mjomba, ulimwona?" Akasema, "Jina nimeshawapa Ijumaa. Nilimjua kwa mwendo." Nikasema, "Basi niandike kwa mwendo." Aligeuza uso dirishani kwenye mwanga, hayo macho meupe hayapepesi. Kisha akasema, "Andika kwa macho." Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kozini walikuwa wananisifia, na nimeandika mengi maishani, ripoti na barua za watu na hotuba za wakuu wa shule, lakini hakuna neno nililoliandika vizuri zaidi kuliko lile la macho. Nikamwekea kidole, akatia sahihi.

Jioni yake, "Mwaju, pokea." Nilidhani siku zile sahani ingekoma. Mwana yuko ndani, nani ana moyo wa kupika kwa jirani. Haikukoma hata siku moja. Ilipita kila jioni, samaki hana miba, na nyuma ya sahani jicho moja la Bi Tatu linanitazama tunduni, linauliza bila kuuliza. Mjomba alikula. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo nikilala chali: alikula, akalamba vidole, akasema alhamdulillah. Na mie nilikula. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia futari ikaongezeka, sahani ikawa na tambi juu. Bi Tatu alizunguka vituo vyote na chakula kwenye kikapu, huku wanamwambia hayupo, kule wanamwambia kesi za namna hii hazina kuonana. Akirudi anapita kwanza kwetu. "Umeulizia, kaka?" "Nimeulizia, dada. Subira." Nilikuwa natoka nje nakwenda kusimama chooni mpaka aondoke.

Mtu atauliza, kwa nini hukusema. Nami nimejiuliza zaidi yake. Ningesema, Mjomba angefukuzwa siku hiyohiyo, tena kwa maelezo ya uongo, asipate hata senti ya miaka yote aliyosimama juani, pengine afungwe yeye. Mtu aliyenilisha, anayenilipia ada. Nisiposema, Idrisa anaendelea kukaa kule. Nilijiambia kesi ikifika mahakamani wataona wenyewe kwamba hakuna kitu, watamwachia, na wakati huo Mjomba atakuwa ameshastaafu. Nilikuwa nahesabu miezi kama mjamzito. Mwezi ukiandama nasema, bado minne. Bado mitatu.

Ilipobaki miwili, Afande Chilumba akaja alasiri, Mjomba yuko kazini. Nilikuwa uani nafua. Nikamwamkia, nikamletea kigoda, akakataa maji. Alikaa pale karibu na ukuta akiwa ameshika kofia magotini. Akaniambia, "Binti, nataka kukuuliza neno moja, na ukinijibu nitaondoka na sitarudi kukuuliza tena. Mjomba wako macho yake yakoje?" Povu lilikuwa limenifika viwikoni. Alikuwa amefungua mlango, Mungu ni shahidi, ilikuwa ni mie kupita tu. Nikasema, "Mazima, afande. Anaona vizuri tu. Hata gazeti anasoma mwenyewe." Akanitazama muda mrefu. "Gazeti," akasema. "Ndiyo, afande." Akavaa kofia yake, akaniaga kwa upole kuliko nilivyostahili, na kweli hakurudi.

Kesho yake jioni sahani ikapita kama kawaida. "Pokea." Jina langu halikutajwa. Alikuwa changu mzima amekaangwa vizuri, nikamwandalia Mjomba na ugali, akaanza kula haraka haraka kama alivyozoea, kwa imani. Tonge la pili akakabwa. Mwiba ulimkaa kooni, akatoa macho, akawa wa zambarau, nikampiga mgongoni, nikamlazimisha ameze tonge kavu la ugali, kidogo kidogo ukashuka na damu. Nilipomtazama yule samaki nikaona miba yote imo, hakuguswa. Nilikasirika sijapata kukasirika vile. Nikasema, huyu mwanamke kazeeka vibaya, anataka kuniulia mtu. Kwa hasira sikurudisha sahani ile jioni, wala kesho, wala Bi Tatu hakuidai, na samaki hawakupita tena. Nikaona heri, nimepumzika kutazamwa.

Mjomba akastaafu. Wakamfanyia sherehe ndogo, wakampa saa ya ukutani na cheti, mkubwa mmoja akasema Afande Shabani ni mfano kwa vijana. Haukupita mwezi Idrisa akaachiwa, hakuna kesi wala maelezo, wakamshusha barabarani asubuhi akiwa mwembamba na mkono umefungwa kitambaa. Hakuna aliyeomba radhi, wala hakuna aliyeuliza. Mjomba akapasuliwa macho. Siku walipomfungua bandeji aliniangalia akasema, "Kumbe umekuwa mtu mzima." Siku ya tatu akatoka uani, akasimama mbele ya tundu, akaona upande wa pili Idrisa ameketi anajaribu kushika bisibisi kwa mkono wa kushoto. Aliona kwa macho yake mwenyewe. Mchana akaita fundi, tundu likazibwa kwa tofali na saruji. Wale jirani wakahama kimyakimya, na kwa mafao yake Mjomba akanunua kiwanja Kinyerezi akajenga hii nyumba ambayo juzi tumemtolea. Kati yetu hatukulizungumza tena mpaka anakata roho.

Basi siku ya msiba nilimngoja Idrisa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Alitoka mikono ya kanzu imelowa mpaka kwenye viwiko, akawa anajikamua. "Pole na msiba, Mwaju," akasema, kama tuliachana jana. Nikamuuliza kama anajua amemuosha nani. Akasema amejua tangu aliposikia jina, ndiyo maana akaja. "Maiti hana kesi. Na mie nilitaka kumfumba macho mwenyewe. Yalipona?" Nikamwambia yalipona, alipasuliwa baada ya kustaafu. Akatikisa kichwa polepole. Hapo ndipo niliposhtuka kwa mara ya pili. Hakushangaa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Mama alijua kabla yangu. Mtu unampelekea kitoweo kila siku, utakosa kujua haoni? Ulidhani ile miba ilikuwa inatolewa kwa sababu gani?"

Akaendelea, bila hasira, anajikamua ule mkono wenye vidole vilivyokufa. Mama yake alipata habari kwa mtu kwamba aliyeshuhudia ni Shabani. Akaenda mwenyewe kwa Chilumba, akamwambia yule mzee haoni hata sahani iliyo mbele yake. Chilumba akamuuliza atathibitishaje. "Mama akamwambia, mie msinisikilize, mie nina mtoto ndani, nitasema lolote. Nendeni mkamuulize binti anayekaa naye. Yule hasemi uongo, anairudishaga sahani na kitu hata akiwa hana."

Nikashika tangi. Nikamwambia Chilumba alikuja.

"Tunajua alikuja. Mama alikuwa tunduni. Alishamwambia Chilumba akae karibu na ukuta." Akapangusa mikono kwa upindo wa kanzu, labda alinihurumia. "Alisikia ulichosema. Kesho yake alipokuwa anakaanga, dada yangu akamuuliza, mama, mbona leo huwatoi miba samaki wa Afande Shabani? Mama akasema, si kasema anaona."

Nimefundisha watoto wa watu miaka yote hii. Nimewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo. Nilisimama pale nyuma ya nyumba iliyojengwa kwa pensheni ile, kule mbele mstaafu wa reli bado anadai chake chote, na nilitaka ardhi inimeze, natamka hivyo bila aibu. Kumbe kila jioni miezi ile yote ile sahani haikuwa inaletwa kwa Mjomba. Ilikuwa inaletwa kwangu, ikingoja niseme. Nilipopata sauti nikauliza kama Bi Tatu yu hai. Idrisa akasema yupo, yuko naye Mbagala, miguu imekwisha lakini akili zake zote anazo. Nikauliza kama huwa ananitaja. Akasema hapana, kunitaja hanitaji, ila mara moja moja anaulizia sahani yake. Watu wa jeneza wakamwita, akaenda kubeba.

Sahani ninayo. Nimehama nayo nyumba nne, nikiwekea vitunguu, maua yake mekundu yamebaki mawili. Leo nimeisugua kwa majivu. Kesho Ijumaa nakwenda feri asubuhi kuchagua changu mzuri, nitamkaanga, nitamtoa miba kwa vidole vyangu mmoja mmoja hata kama nitamaliza mchana kutwa, kisha nitamtia sahanini niipeleke Mbagala kwa Bi Tatu. Na nimeshaamua, sitampa apokee halafu nianze salamu ndefu na machozi ya kujitetea. Kabla hajatia tonge mdomoni nitamwambia: Bi Tatu, alikuwa haoni, na mie nilikuwa najua.